Mashine Ikikata Nguvu Mwendoni, Anzia kwenye Dumu

Tulitoka Nyamisati asubuhi, maji yamejaa, watu saba na magunia ya mchele, tukielekea Kilindoni. Ndani ya delta mashine ilikwenda vizuri tu, maana kule kwenye mikoko hakuna anayekimbia. Tulipofika maji makubwa nahodha akafungulia mafuta hadi mwisho. Boti ikanyanyua kifua, kila mtu akaanza kupiga hesabu ya chakula cha mchana atakachokula Mafia. Haikupita nusu dakika sauti ikaanza kushuka, ikashuka, boti ikakaa chini. Nahodha akapunguza mafuta, mashine ikatulia na kupata pumzi. Akafungulia tena. Nusu dakika nyingine, hadithi ile ile.

Mwenye boti alikuwemo. Akatueleza kwa uchungu kwamba wiki ile kabureta ilikwishafunguliwa mara mbili, plagi zimebadilishwa zote, na sasa fundi ameanza kutaja pistoni. Bado anasema, mzee mmoja aliyekaa karibu na mafuta akanyoosha mkono, akalegeza kifuniko cha dumu. Lile dumu lilikuwa limeingia mashavu ndani kama mtu anayevuta kiko. Likapiga "pu!", likajaa. Nahodha akafungulia mafuta, na hatukupunguza tena mpaka tulipoiona gati ya Kilindoni.

Kumbe kijana wa boti, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameziba tundu la hewa la kifuniko kwa gundi na kipande cha mpira wa baiskeli ili maji ya chumvi yasiingie kwenye petroli. Maji hayakuingia kweli. Hewa nayo haikuingia, na dumu lisiloingiza hewa halitoi mafuta.

Nimekaa na mashine hizi za kupachika miaka mingi, na ninalotaka kuwaambia wenye boti, manahodha na vijana wanaojifunza ufundi ni moja: mwendo wa kasi hauleti ugonjwa kwenye mashine, unauumbua. Ukijua unaumbua nini, na ukaanza kutafuta kule mafuta yanakoanzia, kazi kubwa utaimaliza kabla hujashika spana.

Njaa isiyoonekana taratibu

Chukua mashine ya nguvu za farasi 40 ya tustroki, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, ambayo ndiyo imejaa pwani yetu. Ikienda mwendo wa mwisho inakula kati ya lita 15 na 20 kwa saa. Gawa kwa dakika utapata kama chupa moja ya soda kila dakika. Ikitembea taratibu, vijiko vichache vinaitosha kwa dakika hiyo hiyo. Sasa fikiria mpira wa mafuta uliobanwa na gunia, au filta iliyoziba nusu. Vijiko vitapita bila shida. Chupa ya soda haitapita.

Ndani ya kabureta kuna bakuli dogo linalotunza akiba ya petroli. Ukifungulia mafuta ghafla, mashine inakula kwanza akiba hiyo, ndiyo maana inakimbia vizuri kwa sekunde kadhaa kisha inalegea. Ukipunguza, bakuli linajaa tena taratibu na nguvu zinarudi. Kwa hiyo mashine inayokimbia kidogo, ikafa nguvu, ikapumzika na kurudi, inakuambia waziwazi kwamba akiba inatumika haraka kuliko inavyoletwa. Isikilize hivyo.

Kwenye tustroki kuna hatari ya ziada. Oili inayolainisha pistoni na bearingi inasafiri ndani ya petroli ile ile, kwa hiyo petroli ikipungua oili nayo imepungua, wakati chuma kinazunguka kwa kasi kuliko wakati wote. Nahodha anayelazimisha mashine yenye njaa, akaiacha imefunguliwa hadi mwisho huku inalia, anaweza kuanza safari na filta chafu na kuimaliza na pistoni iliyokwama. Ikilegea, punguza. Tafuta sababu ukiwa taratibu.

Sauti inashuka au inapanda?

Kabla ya jambo lolote jibu swali hili. Nguvu zinapopotea na boti inapungua kasi, je, sauti ya mashine inashuka pamoja na boti, au inapanda juu na kulia huku boti haisogei?

Sauti ikishuka, mashine yenyewe imekosa kitu: mafuta, hewa, cheche, au imezidiwa na joto au mzigo. Sauti ikipanda, mashine ni nzima na inazunguka bure, ugonjwa uko kwenye propela au kwenye maji yanayoizunguka. Njia hizi mbili hazikutani kabisa. Nimeona kabureta nyingi zikifunguliwa kwa sababu ya propela iliyoteleza, ilhali sikio moja tulivu lingeokoa siku nzima ya uvuvi.

Wazee walituonya tusisafirie nyota ya mwenzio. Jirani yako akikuambia, "Yangu ilifanya hivyo hivyo, ilikuwa koili," mshukuru, halafu rudi usikilize ya kwako.

Sauti ikishuka: fuata petroli tangu dumuni

Anzia kwenye kifuniko. Tangi la kiwandani lina skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko, na lazima iwe imefunguliwa mashine inapofanya kazi. Ukitumia dumu la kawaida lenye mpira uliopitishwa kwenye kifuniko, hakikisha lina tundu la hewa ambalo halijazibwa na chumvi, uchafu au huruma ya mtu. Kipimo chake ni rahisi: nguvu zikianza kupotea, legeza kifuniko. Mashine ikirudi, umemaliza. Kama unaogopa mawimbi kuingia, tafuta tangi lenye skrubu yake, au inua dumu na ulifunike, lakini usilizibe pumzi.

Pili, shika pampu ya mkono, kile kibofu cha mpira kilicho kwenye mpira wa mafuta. Hiki ndicho daktari wako wa baharini. Mwambie mwenzako awazuie wengine wasisimame ovyo, nahodha afungulie mafuta, na nguvu zikianza kushuka ukibonye kibofu kwa mpigo wa taratibu. Usome majibu hivi:

Kibofu kimenywea na kushikana kama kimefyonzwa: kuna kizuizi nyuma yake, upande wa dumu. Angalia hewa ya kifuniko, chujio lililo mwisho wa mpira ndani ya dumu, mpira uliopinda au kukaliwa na mtu.

Kibofu ni laini, na ukikibonya mashine inapata nguvu: petroli ipo ila haivutwi vya kutosha. Ama pampu ya mafuta kwenye mashine imechoka kiwambo chake, ama kuna mahali hewa inaingia badala ya petroli.

Kibofu ni kigumu muda wote na mashine bado inakufa: kizuizi kiko mbele, kwenye kiunganishi cha mashine, filta ndogo iliyo chini ya kava, au ndani ya kabureta. Kama hakuna kizuizi, basi tatizo halipo kwenye mafuta kabisa.

Hewa inayoingia ndiyo inayosumbua watu zaidi, kwa kuwa haiachi dalili. Mpira wenye ufa mdogo unaweza usidondoshe hata tone, lakini mashine inapofyonza, ufa huo unakaribisha hewa. Fundi mzuri anakata mpira unaopitisha mwanga, urefu wa mkono mmoja, anaupachika kwa muda kati ya kibofu na mashine, kisha mnakwenda majini. Petroli ikipita imetulia, mpira uko salama. Ukiona mapovu yanakimbizana kama ushanga kwenye uzi, hewa inaingia, na utabaki kukaza klipu moja moja na kubadilisha pete za mpira za viunganishi mpaka mapovu yaishe. Ukifunga kibofu kipya, mshale uliochongwa juu yake uelekee kwenye mashine. Linaonekana jambo dogo, lakini nimewahi kukuta mshale umeelekea dumuni na watu wanajadili kununua mashine nyingine.

Kilichomo ndani ya petroli yenyewe

Mwaga petroli kidogo kutoka chini kabisa ya dumu kwenye chupa safi ya plastiki, iache dakika kumi, kisha itazame dhidi ya jua. Maji ni mazito kuliko petroli na hayachanganyiki nayo, kwa hiyo yatakaa chini na mstari utauona. Dumu linaloshinda juani na kulala kwenye umande, likiwa nusu tupu, hukusanya maji lenyewe. Kwenye boti zenye tangi la kudumu, filta ya kutenganisha maji ni ununuzi wa busara kuliko propela ya kung'aa.

Oili ipimwe, isikadiriwe. Vitabu vya mashine nyingi za tustroki vinataka 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 linapewa mililita 400 za oili, na zipo zinazotaka 100 kwa 1, kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako. Wapo wanaoongeza oili "ili mashine ipoe". Matokeo yake plagi zinaloa na kuwa nyeusi. Tena ukizidisha oili umepunguza petroli katika kila tone linalopita kwenye jeti, na kwenye mwendo wa mwisho hapo ndipo mashine inapokosa chakula. Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, ile iliyoandikwa TC-W3. Ya pikipiki si ndugu yake.

Petroli iliyolala miezi, boti ikiwa pwani msimu wa kusi, huacha gundi ya rangi ya kahawia kwenye jeti za kabureta. Dalili yake ni tofauti na ile ya njaa ya mpira. Jeti kubwa ikiziba, mashine inakohoa papo hapo unapofungulia mafuta, haikupi ile nusu dakika ya furaha. Ukiona hivyo, na umeshajiridhisha na yote ya nyuma, sasa kabureta ifunguliwe. Isafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo, jeti isichokonolewe kwa waya wa chuma, maana tundu lile limepimwa kiwandani na ukilipanua kidogo tu umeharibu hesabu.

Ukiwa hapo, toa kava mashine ikiwa imezimwa, mwambie mwenzako azungushe mkono wa mafuta hadi mwisho, wewe utazame mlango wa kabureta. Je, unafunguka wote? Kebo iliyorefuka au skrubu iliyolegea inaweza kukufanya uamini umefungulia mafuta yote, kumbe mlango umefika robo tatu. Ukaguzi huu unachukua dakika moja. Kava likiwa wazi mashine ikizunguka, kikoi, kanzu na kamba zikae mbali na gurudumu la juu. Na petroli inapofunguliwa, sigara inazimwa.

Plagi: ulimi wa mashine

Daktari anakuambia utoe ulimi. Mashine ulimi wake ni plagi. Ila ukitaka ulimi useme kweli, usirudi pwani taratibu halafu ndipo uifungue, kwa sababu mwendo wa taratibu unaandika juu ya yale yaliyoandikwa na kasi. Mahali penye nafasi na maji tulivu, kimbiza mashine kwa dakika moja au mbili, kisha izime ikiwa bado kwenye kasi bila kuipunguza kwanza. Iache ipoe kidogo, fungua plagi.

Ya rangi ya biskuti au chai ya maziwa, mafuta na moto vimeelewana. Nyeupe kavu, yenye vitone vidogo, chakula hakitoshi au joto limezidi, na hilo ni onyo la kusimama. Nyeusi na mbichi, silinda hiyo haichomi vizuri, ama cheche ni dhaifu au petroli na oili vimezidi. Yenye matone ya maji, tafuta maji kwenye mafuta, na kama hayamo, fikiria gasketi ya kichwa.

Zilinganishe. Mashine ya silinda mbili ikiwa na plagi moja ya biskuti na nyingine mbichi, umekwishajua nyumba ipi ina mgonjwa. Silinda moja ikilala, unapoteza zaidi ya nusu ya nguvu, kwa kuwa ile nzima inaburuza iliyokufa. Badilishana plagi kati ya silinda: ugonjwa ukihama na plagi, nunua plagi. Ukibaki pale pale, angalia kofia ya plagi, waya na koili.

Koili na vifaa vya cheche vina tabia moja ya kuudhi: vinafanya kazi vikiwa baridi na kuchoka vikipata moto. Mashine inayokwenda vizuri dakika ishirini, ikafa nguvu, na kibofu cha mafuta hakibadilishi chochote, ikapona baada ya kupumzika kivulini, ipeleke kwa fundi mwenye vipimo. Usivute kofia ya plagi kwa mkono mashine ikiwa inazunguka ili "kusikia kama inapiga". Umeme wa hapo unarusha mtu, na mtu akirushwa kwenye boti anaangukia baharini.

Joto na mkojo

Ule mkojo wa maji unaotoka nyuma ya mashine uangalie kila safari. Kinachouleta ni impela, gurudumu dogo la mpira lililo juu ya boksi la gia, na adui yake mkubwa ni mchanga. Nahodha anayewasha mashine boti ikiwa bado inagusa chini anapitisha msasa kwenye impela yake. Ikibanduka kidogo, taratibu utaona mkojo unatosha. Ukikimbia, joto linapanda, chuma kinatanuka na nguvu zinashuka.

Mkojo ukiwa mwembamba, chomeka waya laini kwenye tundu lake kwanza, mara nyingi ni chumvi au udongo tu. Usipobadilika, badilisha impela. Wanaofanya kazi ya kila siku kwenye maji yenye mchanga wasisubiri ife. Na kila jioni, au angalau kila mwisho wa wiki, mashine inywe maji baridi kwa dakika kumi hadi kumi na tano, chumvi isigande kwenye njia za maji na kwenye termostati.

Mashine nyingi za kisasa za fostroki zinajilinda zenyewe. Joto likizidi au presha ya oili ikishuka, zinapiga king'ora na kujishusha, Yamaha kwa mfano hadi karibu mizunguko 2,000 kwa dakika. Mtu asiyejua anadhani imeharibika, anazima, anawasha, analazimisha. Mashine inayojishusha ghafla na kugoma hapo hapo kwenye mwendo mmoja, tazama taa na usikilize king'ora kabla ya kugusa mafuta. Na wapo waliokata waya wa king'ora kwa sababu "kilikuwa kinasumbua". Hao siwezi kuwasaidia.

Sauti ikipanda: propela

Sasa turudi kwenye njia ya pili. Unafungulia mafuta, mashine inapiga kelele za juu, boti inakaa pale pale.

Kwanza zima, nyanyua mguu wa mashine, tazama kama kuna kipande cha nyavu, mfuko wa plastiki au mwani. Uzi wa mshipi uliojizungusha nyuma ya propela uutoe wote, hata kama boti inakwenda, kwa sababu unakata sili ya gia na kuingiza maji. Oili ya gia ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwishaingia.

Pili, bushi. Katikati ya propela nyingi kuna mpira uliobanwa kati ya chuma cha shafti na mwili wa propela. Kazi yake ni kupokea kishindo unapogonga mwamba, ili gia zisivunjike. Baada ya vishindo kadhaa unaanza kuteleza: taratibu unashika, nguvu ikija unazunguka. Kuujua, omba rangi ya kucha nyumbani. Propela ikiwa kavu na safi, chora mstari mmoja mnyoofu kuanzia chuma cha katikati, uvuke mpira, uishie kwenye mwili wa propela. Iache ikauke, nenda ukakimbize boti, rudi, tazama. Mstari ukiwa bado umenyooka, bushi ni nzima. Ukikuta kipande kimoja kiko huku na kingine kule, umepata mwizi wako kwa gharama ya tone la rangi.

Tatu, hewa. Lile bapa la chuma lililolala juu ya propela linatakiwa lilingane na chini ya boti, au lishuke chini yake kwa sentimita moja au mbili. Mashine ikikaa juu mno, propela inavuta hewa kutoka juu ya maji, hasa kwenye kona na mawimbi, na inazunguka kwenye mapovu. Hili linazipata sana dau na mashua zilizochongwa tezi kwa macho, kisha zikapewa mashine yoyote iliyopatikana. Shafti fupi ni ya ubao wa inchi 15, ndefu ni ya inchi 20. Pima ubao kabla ya kununua mashine, kwa sababu kukata ubao ni rahisi kuliko kurefusha shafti. Pini inayoinamisha mashine nayo iangaliwe, ikikaa tundu la nje mno omo inanyanyuka na kurukaruka.

Mzigo, ngama na mwinuko wa ziwa

Kuna mashine isiyo na ugonjwa wowote, ila imepewa kazi isiyo yake. Dalili: sauti ni nzito tangu mwanzo, haipandi kamwe kama zamani, na hakuna cha nusu dakika wala cha joto.

Propela ina namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Ukiongeza inchi moja ya hiyo namba ya pili, mashine inapoteza kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Boti ya kubeba magunia ikivalishwa propela ya boti ya kukimbiza watalii inakuwa kama mtu anayepanda kilima na gia ya barabara ya lami. Kitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa kwenye mwendo wa mwisho. Azima mita ya mizunguko, pima boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha uchague propela.

Halafu tazama chombo chenyewe. Mwani na magamba yaliyoota chini yanashika maji kama mikono. Wazee wetu walikuwa wakipandisha vyombo pwani, wakavikwangua na kuvipaka deheni, na hawakuwa na mashine ya kulaumu. Boti za faiba zina maradhi ya kwao: maji yanayojificha chini ya sakafu, au kwenye povu lililojazwa kuzuia boti isizame. Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Methali hiyo ichukue kama ilivyo: fungua ngama, ona kuna maji kiasi gani unayoyabeba kila siku bila nauli.

Kwa ndugu zetu wa Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na Entebbe kuna jambo ambalo sisi wa pwani hatulijui. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na mafundi wanahesabu kwamba mashine hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mashine ya farasi 40 iliyojaribiwa Dar es Salaam ikaonekana simba, ikifika ziwani inakuwa kama ya 36 au pungufu. Si mbovu wala hukuuziwa bandia. Ipunguzie inchi moja ya propela, na mwulize fundi kuhusu ukubwa wa jeti. Ziwa Tanganyika, lililo chini zaidi, linakata kidogo kuliko hapo, lakini linakata.

Unapompelekea fundi

Ukifika kwa fundi usimwambie "haina nguvu". Mwambie: sauti inashuka, inachukua nusu dakika, nikibonya kibofu inarudi, plagi zote mbili ni nyeupe. Au: inapanda, mstari wa rangi umekatika. Maneno hayo yanampunguzia kubahatisha, na kubahatisha kwake unakulipia wewe. Mwombe abadilishe kitu kimoja, mjaribu majini, ndipo aguse kingine. Akibadilisha vitatu kwa mkupuo mashine ikapona, hamtajua kilichoiponya, na siku ugonjwa utakaporudi mtanunua vitatu tena. Vikikaguliwa vyote na nguvu bado hakuna, apime presha ya silinda kwa kipimo. Silinda moja ikiwa chini sana ya mwenziwe, hapo sasa neno pistoni lina haki ya kutajwa.

Na hata ukiijua mashine kama mtoto wako, usiondoke pwani bila makasia, nanga na kamba ndefu, plagi mbili na spana yake, kibofu cha akiba, klipu chache, tochi, simu iliyofungwa isilowe na jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa. Wenye turubai la tanga walichukue pia, kaskazi na kusi havijawahi kuomba petroli.

Yule mzee wa Nyamisati niligundua baadaye hakuwa fundi. Alikuwa mvuvi wa mshipi, na mashine hakuwa nayo. Nilipomuuliza alijuaje, alinishangaa kidogo. Alisema alikuwa amekaa pembeni ya dumu, na tangu tutoke mikokoni alikuwa analiona likikonda.